Bandu Bandu Huisha Gogo: Charles Hamilton Houston na Njia ya Wakili Kuifikia Sheria ya Elimu

Sheria ya elimu ni jumla ya kanuni zinazoamua nani aingie shule ipi, nani agharimie masomo, mwalimu alipwe kiasi gani, na mtoto aliyenyimwa nafasi apeleke wapi malalamiko yake. Ikilinganishwa na sheria ya ardhi, ya mirathi au ya mikataba, hili ni tawi changa, na Marekani limekua kwa kiasi kikubwa kupitia kesi. Waliolikuza huko ni mawakili wa maslahi ya umma, yaani mawakili wanaofungua kesi kwa jina la mteja mmoja ilhali wanakusudia hukumu itakayowafaa maelfu ya watu wenye shida hiyohiyo ambao hawana fedha wala nafasi ya kufika mahakamani. Miongoni mwao, aliyeacha alama ya kudumu zaidi ni Charles Hamilton Houston (1895–1950), ingawa kwa muda mrefu jina lake limefunikwa na lile la mwanafunzi wake, Thurgood Marshall. Historia yake inaonesha jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kabla ya sheria kuzibadili shule, ilibidi kwanza shule ya sheria ibadilike, na mapambano yaliyokuja kuwafikia watoto wa darasa la kwanza yalianzia kwa watu wazima waliotaka kuwa mawakili.

Kazi ya Houston haieleweki bila ya kuijua sheria aliyoikuta. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja. Shule ziliachwa mikononi mwa majimbo, na majimbo nayo yakaziachia kwa sehemu kubwa bodi za wilaya na miji. Silaha iliyokuwapo ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1868 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, ambayo yanalikataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Silaha hiyo nayo ilitiwa butu mwaka 1896, pale Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson iliyohusu mabehewa ya treni huko Louisiana, kwamba kuwatenganisha abiria kwa rangi hakuvunji Katiba mradi huduma wanazopewa ziwe sawa. Kutokana na hukumu hiyo kulizaliwa kanuni iliyojulikana kama "mbalimbali lakini sawa", ambayo ilitoka kwenye reli ikaenea hospitalini, mahotelini na hasa shuleni. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo, ile ya utengano, ilisimamiwa kwa ukali. Nusu ya pili, ile ya usawa, ilibaki maneno matupu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameidai kwa mpango na kwa ushahidi wa kutosha.

Houston alizaliwa Washington tarehe 3 Septemba 1895, mtoto pekee wa William LePre Houston, aliyekuwa wakili, na Mary Hamilton Houston, mwalimu wa zamani aliyekuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza nywele. Alisoma katika shule ya sekondari ya M Street, iliyosifika kuliko shule nyingine zote za watu Weusi nchini humo, akaendelea na Chuo cha Amherst alikohitimu mwaka 1915, kisha akarudi kufundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu Weusi jijini mwake. Hadi hapo hakuna dalili kwamba alikusudia kuwa mwanasheria. Kilichombadili ni Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Alipata mafunzo ya uofisa katika kambi ya Fort Des Moines, iliyotengwa kwa ajili ya maofisa Weusi, akapelekwa Ufaransa akiwa na cheo cha luteni, na katika utumishi wake aliona askari Weusi wakiadhibiwa kwa tuhuma ambazo hazikuthibitishwa, tena bila mtu wa kuwatetea ipasavyo; yeye mwenyewe na wenzake waliponea chupuchupu kushambuliwa na kundi la askari Wazungu wa jeshi lao wenyewe. Aliporudi nyumbani mwaka 1919 alikuwa amekwisha kuamua kusoma sheria.

Masomo hayo aliyafanya katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bodi ya uhariri ya jarida la sheria la chuo hicho. Alipata shahada ya kwanza ya sheria mwaka 1922 na ya udaktari mwaka 1923, akiwa chini ya mwalimu wake Felix Frankfurter, ambaye baadaye angekuwa jaji wa Mahakama ya Juu, kisha akaenda Madrid kusoma sheria za Kihispania zenye asili ya Kirumi. Mwaka 1924 alisajiliwa kuwa wakili, akajiunga na ofisi ya baba yake, na mwaka huohuo akaanza kufundisha kitivo cha sheria cha Howard. Jambo alilojifunza Harvard na ambalo angelitumia maisha yake yote lilikuwa la kimbinu: kwamba sheria hujengeka kwa hukumu zinazofuatana, kila moja ikiegemea iliyoitangulia, na kwamba wakili mwenye subira anaweza kuchagua hukumu ipi itangulie.

Kitivo cha sheria cha Howard kilianza mwaka 1869 na kwa miongo mingi kilifundisha jioni, ili makarani, matarishi na walimu waweze kuhudhuria baada ya kazi. William Houston mwenyewe alikuwa zao la utaratibu huo: alifanya kazi ya ukarani serikalini mchana na kusoma sheria usiku hadi akapata shahada yake. Mtoto wake alipoteuliwa kuwa naibu mkuu wa kitivo mwaka 1929, cheo ambacho kwa vitendo kilimpa uongozi wote, aliyafunga masomo ya jioni, akapandisha masharti ya kujiunga, akaajiri walimu wa kudumu na kupanua maktaba. Malalamiko yalikuwa mengi, na hayakukosa haki. Wahitimu wa zamani walisema kwamba ngazi waliyopandia wao ilikuwa inaondolewa ukutani, na kwamba kijana Mweusi asiye na uwezo wa kuacha kazi kwa miaka mitatu asingekuwa wakili tena. Jibu la Houston lilikuwa kwamba bila ya ithibati, yaani kutambuliwa rasmi na vyombo vinavyosimamia ubora wa elimu ya sheria, shahada ya Howard ingeendelea kudharauliwa, na wakili atakayesimama mbele ya majaji wenye chuki asingeweza kumudu kuwa wa wastani. Mwaka 1931 kitivo kilipata ithibati ya Chama cha Mawakili cha Marekani na kukubaliwa pia katika umoja wa shule za sheria za nchi hiyo. Gharama ya ushindi huo ilibebwa na watu wa aina ya baba yake.

Ufundishaji wake ulilenga kutoa mawakili wa aina moja maalumu. Aliwaambia wanafunzi kwamba mwanasheria ama ni mhandisi wa jamii ama ni kupe anayeifyonza, na kwa uhandisi wa jamii alimaanisha ujuzi wa kuitumia Katiba kurekebisha dhuluma kwa hesabu, kama fundi anavyolirekebisha daraja. Wanafunzi walipelekwa kutazama mahakama, vituo vya polisi na magereza, wakafundishwa kuandaa kumbukumbu za kesi kwa namna ambayo hata wakishindwa katika mahakama ya chini, kila hoja iwe imeandikwa tayari kwa ajili ya rufaa. Miongoni mwao alikuwamo Thurgood Marshall wa Baltimore, ambaye kila siku alipanda treni kwenda Washington kwa sababu kitivo cha sheria cha jimbo lake la Maryland, kilichokuwa karibu na nyumbani kwao, hakikuwapokea watu Weusi. Mwaka 1933 Marshall alihitimu akiwa wa kwanza darasani, na Oliver Hill wa Virginia akawa wa pili.

Wakati huohuo Chama cha Taifa cha Kuendeleza Watu Weusi, kinachojulikana zaidi kwa herufi NAACP na kilichoanzishwa mwaka 1909, kilikuwa kikitafuta namna ya kuishambulia sheria ya utengano kwa utaratibu. Mfuko wa hisani uliofahamika kama Garland uliahidi kukipatia chama dola 100,000, ingawa kutokana na mdororo wa uchumi zilizotolewa zilikuwa pungufu sana, na wakili Nathan Margold akaajiriwa kuandika mpango. Katika taarifa yake ya mwaka 1931 Margold alionya kwamba kudai usawa shule kwa shule, wilaya kwa wilaya, ni kazi isiyo na mwisho, akapendekeza utengano wenyewe, kama ulivyotekelezwa, ushitakiwe moja kwa moja. Houston, ambaye mwaka 1935 aliajiriwa kuwa wakili maalumu wa chama hicho, aliikubali shabaha ya Margold lakini akabadili njia ya kuifikia. Aliamini kwamba majaji wa wakati ule wasingeivunja kanuni ya Plessy wakiombwa kufanya hivyo kwa mara moja. Walichoweza kufanya ni kulazimishwa kuichukulia kwa uzito nusu yake ya pili, hadi usawa wenyewe uwe ghali kiasi kwamba utengano usibebeke. Waswahili husema bandu bandu huisha gogo, na hakuna msemo unaoufupisha mpango wa Houston kuliko huo.

Mashoka yalikuwa matatu: nafasi katika vyuo vya taaluma kama sheria, udaktari na ufamasia; mishahara ya walimu; na tofauti za majengo, vifaa na usafiri katika shule za watoto. Houston alianza na la kwanza kwa sababu ambazo zinaonesha jinsi wakili anavyofikiri anapochagua kesi. Kwanza, majimbo mengi ya Kusini hayakuwa na chuo chochote cha taaluma kwa watu Weusi, hivyo hapakuwa na haja ya kubishana kama huduma ni sawa au si sawa, kwa kuwa upande mmoja haukuwa na kitu. Pili, kulijengea shule nzima ya sheria kundi dogo la waombaji kungeligharimu jimbo fedha nyingi kuliko kuwapokea waombaji hao katika shule iliyopo. Tatu, majaji wote walikuwa wamesoma sheria, na hakuna aliyehitaji kufundishwa tofauti kati ya kitivo chenye maktaba na walimu na chumba kilichoandikwa "kitivo" mlangoni. Nne, Wazungu waliokuwa wakiogopa kuona watoto wao wakichanganyika na watoto Weusi hawakuwa na hofu kubwa kiasi hicho kuhusu watu wazima wachache katika chuo kikuu.

Jaribio la awali lilikuwa limekwisha kushindwa, na somo lake halikupotea. Mwaka 1933 huko North Carolina, kijana Thomas Hocutt alishtaki ili apokewe kusomea ufamasia, akiwakilishwa na mawakili waliokuwamo William Hastie, binamu yake Houston, lakini mkuu wa chuo cha watu Weusi alichosoma alikataa kutoa nakala rasmi ya matokeo yake, na kwa upungufu huo kesi ikaanguka. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba mdai wa kesi ya mfano, yaani kesi inayofunguliwa ili iweke msingi wa kufuatwa na nyingine, ni lazima awe na vyeti visivyo na dosari, tabia isiyo na doa na moyo wa kustahimili miaka ya kuchunguzwa.

Ushahidi nao ulitafutwa kwa miguu. Mwishoni mwa mwaka 1934 Houston alizunguka Kusini akiwa na mwenzake Edward Lovett na kamera ya sinema, akipiga picha za shule za vijijini katika jimbo la South Carolina. Filamu fupi iliyotokana na safari hiyo, isiyo na sauti, inaonesha kwa zamu majengo ya matofali ya watoto Wazungu na vibanda vya mbao vya watoto Weusi, mabasi ya shule upande mmoja na watoto wanaotembea kando ya barabara upande mwingine. Kwa wakili aliyelelewa na hati na viapo hilo lilikuwa jambo jipya, lakini lilitokana na tafakuri: hoja ya kwamba shule mbili si sawa inaweza kupingwa kwa maneno, ilhali picha ya paa lililotoboka haina mpinzani. Filamu ilioneshwa mikutanoni ili wazazi waione hali yao kama jambo linaloweza kushtakiwa, kwa kuwa Houston alishika siku zote kwamba kesi isiyo na wananchi nyuma yake ni karatasi tu.

Ushindi wa kwanza ulipatikana Maryland. Donald Gaines Murray, mhitimu wa Amherst kama Houston, aliomba nafasi katika kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha jimbo hilo, na rais wa chuo, Raymond Pearson, alimjibu kwa kumwelekeza Princess Anne Academy, chuo kidogo cha watu Weusi ambacho hakikuwa na kitivo cha sheria, na kumtajia ufadhili ambao ungewawezesha watu Weusi kusoma nje ya jimbo. Kesi iliposikilizwa Baltimore mwezi Juni 1935, Houston na Marshall walikaa meza moja, mwalimu na mwanafunzi, na Houston akamhoji Pearson kuhusu kile hasa ambacho Murray angekipata Princess Anne. Mahakama iliambiwa kwamba ufadhili uliotajwa ulikuwa nafasi 50 za dola 200 kila moja kwa waombaji wa masomo yote, fedha ambazo hazikulingana na gharama za mtu kuhama mji wake. Jaji Eugene O'Dunne alitoa amri ya kulazimisha, yaani amri inayomtaka ofisa wa umma kutimiza wajibu wake, Murray akaingia darasani mwezi Septemba, na mahakama ya rufaa ya jimbo ikakubaliana na hukumu hiyo mwezi Januari 1936. Murray alihitimu mwaka 1938. Kwa Marshall, chuo kilichoshindwa kilikuwa kilekile ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwake.

Hukumu ya Maryland haikuyabana majimbo mengine, kwa kuwa ilitolewa na mahakama za jimbo hilo pekee. Ilihitajika kesi ambayo ingefika Mahakama ya Juu. Kesi hiyo ilikuwa ya Lloyd Gaines, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Missouri, aliyekataliwa na kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha jimbo na kupewa ahadi ya kulipiwa ada akasome jimbo jirani. Mahakama za Missouri zilimkatalia, na Houston akaipeleka rufaa Washington, ambako imesimuliwa mara nyingi kwamba Jaji James McReynolds aligeuza kiti chake na kumpa mgongo wakati akitoa hoja zake. Tarehe 12 Desemba 1938, Jaji Mkuu Charles Evans Hughes akiandika kwa niaba ya majaji sita dhidi ya wawili, mahakama iliamua kwamba wajibu wa kutoa elimu sawa ni wa jimbo lenyewe ndani ya mipaka yake, kwamba hauwezi kuhamishiwa jirani kwa malipo, na kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, hivyo haipungui kwa sababu wanaoidai ni wachache. Sentensi hizo chache ziliuondolea msingi wa kisheria utaratibu mzima wa kuwafadhili watu Weusi ili waondoke.

Jimbo la Missouri lilijibu kwa kufungua haraka shule ya sheria ya watu Weusi mjini St. Louis, katika jengo lililokuwa chuo cha urembo. Houston alijiandaa kurudi mahakamani kuthibitisha kwamba shule hiyo haikuwa sawa na ile ya zamani, lakini mteja hakuonekana. Mwezi Machi 1939 Gaines, aliyekuwa akiishi Chicago katika nyumba ya wanafunzi, alitoka jioni moja akisema anakwenda kununua stempu, na hakuonekana tena hadi leo. Kesi ikafa pamoja na kutoweka kwake, huku kanuni yake ikibaki hai. Tukio hilo linaonesha upande wa kazi hii ambao vitabu vya sheria huupita haraka: jina la mdai hudumu katika hukumu, lakini maisha yake ndiyo yanayowekwa rehani, na hakuna mahakama inayoyafidia. Chuo kikuu kilichomkataa kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2006.

Shoka la pili, la mishahara, lilipigwa kimyakimya lakini liliwagusa watu wengi zaidi. Katika wilaya ya Anne Arundel, Maryland, mwalimu mkuu Walter Mills alikuwa akilipwa dola 1,058 kwa mwaka, wakati mwenzake Mzungu katika shule inayolingana na yake alipata si chini ya dola 1,800, na mwaka 1939 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba tofauti iliyotokana na rangi peke yake ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilisema hivyohivyo katika kesi ya Melvin Alston wa Norfolk, Virginia. Kesi hizi zilikuwa na hatari yake, kwa sababu mwalimu aliyeishtaki bodi aliweza kutoongezewa mkataba, kama ilivyompata Aline Black, aliyetangulia kufungua kesi Norfolk kabla ya Alston. Faida yake ni kwamba ziliwaingiza walimu, watu wanaoheshimiwa na kusikilizwa katika kila kijiji, ndani ya harakati.

Houston aliondoka ofisi ya NAACP ya New York mwaka 1938 akiwa amechoka na afya yake ikiwa imeanza kudhoofu, akamwachia Marshall, aliyejiunga naye mwaka 1936, uongozi wa kazi ya mahakamani. Akiwa tena katika ofisi ya familia Washington alitetea wafanyakazi wa reli waliobaguliwa na vyama vyao na wanunuzi wa nyumba waliozuiwa na mikataba ya kibaguzi, lakini elimu ilimfuata huko. Mwaka 1947 wazazi wa watoto Weusi waliokuwa wamesongamana katika shule moja ya jiji hilo waligoma kuwapeleka watoto wao, wakiongozwa na Gardner Bishop, aliyekuwa kinyozi, na Houston akawa wakili wao. Wazazi hao hawakuwa wasomi wala watu wenye vyeo, na ushirikiano wao na daktari wa sheria wa Harvard ndio ulioifikisha kazi yake pale ilipokuwa ikielekea tangu mwanzo, kwenye shule za watoto. Moyo ulipozidi kumsumbua, aliikabidhi kazi hiyo kwa James Nabrit wa Howard, na tarehe 22 Aprili 1950 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 54.

Wiki sita baadaye, tarehe 5 Juni 1950, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili zilizokuwa matunda ya moja kwa moja ya mpango wake. Heman Sweatt, mfanyakazi wa posta, alikuwa amekataliwa na kitivo cha sheria cha Texas, na jimbo likafungua shule nyingine kwa ajili ya watu Weusi. Majaji walihesabu kama Houston alivyofundisha kuhesabu: upande mmoja walimu 16 wa kudumu, wanafunzi 850 na vitabu zaidi ya 65,000, upande wa pili walimu 5, wanafunzi 23 na vitabu 16,500. Kisha wakaenda mbali zaidi ya hesabu, wakasema kwamba kuna mambo yasiyopimika, kama sifa ya chuo, uzoefu wa walimu na ushawishi wa wahitimu wake, ambayo shule iliyotengwa haiwezi kuyatoa. Katika hukumu ya pili, George McLaurin, mwalimu mtu mzima aliyekubaliwa kusoma Oklahoma, alikuwa amekalishwa kando ya chumba cha darasa, akapewa meza yake peke yake maktabani na nyingine katika chumba cha chakula. Vitabu na walimu vilikuwa vilevile, na bado mahakama iliona kwamba utengano unamzuia kujifunza na kujadiliana na wenzake. Kwa hukumu hiyo gogo lilibaki limeshikiliwa na gome.

Kilichobaki kilikatwa na watu ambao wengi wao walipitia Howard. Huko Clarendon, South Carolina, madai ya wazazi yalianza mwaka 1947 kwa ombi la basi moja la shule, katika wilaya ambayo watoto Wazungu walikuwa na mabasi 30 na watoto Weusi hawakuwa na hata moja. Kesi iliyotokana nayo iliunganishwa na nyingine za Kansas, Virginia na Delaware kwa jina la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, huku ile ya Washington, ambayo mizizi yake ni wazazi wa Bishop, ikisikilizwa sambamba nayo. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa, wakiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, waliamua kwamba katika elimu ya umma kanuni ya "mbalimbali lakini sawa" haina nafasi. Utekelezaji ulikwenda polepole kwa makusudi, na wilaya ya Prince Edward, Virginia, ilifikia kuzifunga shule zake za umma kuanzia 1959 hadi 1964 badala ya kutii.

Wanahistoria hawaitazami njia hii kwa jicho la sifa tu. Mwaka 1935, wakati Houston akianza kazi yake katika NAACP, mwanazuoni Mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa akiuliza hadharani kama mtoto Mweusi angefaidika zaidi katika shule ya pamoja yenye walimu wanaomdharau kuliko katika shule yake mwenyewe yenye walimu wanaompenda. Baada ya Brown maelfu ya walimu na walimu wakuu Weusi walipoteza kazi shule zao zilipofungwa, wakiwamo watu wa tabaka lilelile lililokuwa limethubutu kushtaki bodi kwa ajili ya mishahara. Mwaka 1976 Derrick Bell, aliyewahi kuwa wakili wa kesi hizo, aliuliza swali ambalo kila wakili wa maslahi ya umma hukutana nalo: mteja ni nani hasa, mzazi anayetaka shule bora karibu na nyumbani, au taasisi inayotaka hukumu itakayobadili nchi?

Udhaifu mwingine ulikuwa wa kisheria. Kwa kuwa njia ya Houston ilipita kwenye usawa, haki iliyopatikana ilikuwa ya kutobaguliwa katika kile ambacho jimbo limeamua kukitoa, na mwaka 1973, katika kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez iliyohusu shule maskini za Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya shirikisho. Tangu hapo mawakili wa elimu wamelazimika kuzigeukia katiba za majimbo, ambazo nyingi zinaitaja elimu waziwazi.

Historia hii ina tawi lililofika Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1960, wajumbe wa Kenya walipokutana na serikali ya Uingereza katika Lancaster House jijini London, Marshall alikuwapo kama mshauri wa wajumbe Waafrika kwa mwaliko wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, na aliwaandalia rasimu ya hati ya haki ambayo iligusa pia elimu. Hali iliyokuwa Kenya haikuwa ngeni kwake, kwa kuwa shule za koloni hilo zilikuwa zimepangwa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilifuata mfano mwingine na haikuitaja elimu kama haki. Ilichukua hadi Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya elimu, Ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa maslahi ya umma hata kama yeye mwenyewe hakuumizwa.

Wakili wa Kenya kwa hiyo anaanzia pale ambapo Houston hakuwahi kufika: hahitaji kuthibitisha kwamba jirani amepewa zaidi ndipo asikilizwe, na hahitaji kumweka kijana mmoja mbele ya chuki za nchi nzima ili mlango wa mahakama ufunguke. Kazi ambayo ibara hizo hazikumwondolea ni ile iliyofanywa kwa kamera katika barabara za vumbi za South Carolina, ya kwenda shuleni, kuhesabu madawati, walimu na kilomita ambazo watoto hutembea, na kuirudisha hesabu hiyo mahakamani ikiwa imeandikwa vizuri kiasi kwamba jaji hawezi kusema hakuona.